Tarjumani na Winga wa Kuazimwa

Mji mzima wa Garissa ulimwita Tarjumani, nami nikamwita hivyo hivyo kwa miaka minne bila kumuuliza jina lake. Alikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya. Mzee wa Kisomali akija na shida yake, na mkubwa wa ofisi ni mtu wa bara asiyejua Kisomali hata cha kujibu salamu, Tarjumani alisimama kati yao, mikono nyuma, macho dirishani, akahamisha maneno kutoka upande huu kwenda upande ule. Kazini hakukaa kitini hata siku moja. Alisema mkalimani akikaa huanza kujiona naye ana neno lake.

Mimi nilikuwa karani wa posta, kijana kutoka milimani kwenye migomba na ukungu, niliyepewa barua ya uhamisho mwaka uleule wa Uhuru. Vita vilikuwa vimeanza huko Kaskazini Mashariki, na mama alinililia kana kwamba nimeandikishwa jeshini. Nilifika na msafara wa malori, askari mbele na askari nyuma, vumbi hadi kwenye kope. Jioni ya kwanza nilikwenda kunywa chai katika mkahawa ulio karibu na kituo cha malori, nikakuta wanaume kumi hivi wanagombana kwa sauti za kutisha. Nikadhani ni habari za shifta, wale wapiganaji wa porini. Kumbe wanabishana kama goli la juzi lilikuwa la kuotea.

Katikati yao alikaa mtu mrefu mwenye koti la kijivu, viatu vimeng'arishwa, mswaki mdomoni. Alinitazama akasema, kwa Kiswahili ambacho sikutarajia kukisikia mahali pale, "Karibu, Posta. Wewe si wa upande wowote. Tuamulie." Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine ila Posta.

Kiswahili chake kilikuwa fahari yake. Katika mji ule Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ofisini, na kila mtu alikikata alivyoona inafaa. Mwenyekiti wa timu yetu, mwuza nyama mwenye kifua kama mlango, aliwahi kupiga meza akasema, "Mbira hii ni yangu! Mimi nilinunua!" Tarjumani akamsahihisha taratibu, "Mpira huu ni wangu." Mwenyekiti akamkodolea macho. "Yako? Yako tangu lini?" Tulicheka hadi mwenye mkahawa akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Alikuwa watu wawili katika koti moja. Ofisini hakuongeza neno wala hakupunguza. Nilikuwapo siku moja nimepeleka barua, mzee mmoja kutoka Hadado, aliyenyang'anywa ngamia zake, akamtukana mkubwa wa ofisi matusi marefu, na wazazi wa mkubwa wakatajwa humo. Tarjumani akayatafsiri yote kwa sauti ileile ya kusomea hati, macho dirishani. Uso wa mkubwa ukabadilika. Yule mzee akamnong'oneza mkalimani, "Umemwambia yote?" "Yote." Mzee ndipo akaogopa. Baadaye nilimuuliza Tarjumani kwa nini hakuyapunguza makali, akajibu, "Maneno ya mtu ni kama maji yake ya safari. Ukiyamwaga, utamrudishia ya nani?"

Lakini mkahawani, wallahi, alikuwa mwongo asiye na mpaka. Goli lililofungwa kutoka hatua kumi, kesho yake lilikuwa la hatua thelathini. Mpira uliopita juu ya mlingoti ulifika mtoni ukamtisha mamba. Tukimshika kwa uongo husema, "Kule natafsiri. Hapa nazungumza." Hakuwahi kupiga mpira hata wa matambara. Hakunywa maziwa, jambo ambalo kwa Wasomali wenzake lilikuwa ajabu kama samaki asiyependa maji. Na hakuweza kutazama mechi hadi mwisho. Zikibaki dakika chache alitoka uwanjani, akatembea hadi nyuma ya malori, akasikiliza kelele tu. Ukitaka kujua matokeo kabla hujafika, tazama jinsi anavyorudi.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha changarawe tulichokiokota mawe kwa mikono, magoli ya miti ya mtoni. Mechi zilianza alasiri na ilibidi ziishe kabla ya magharibi, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Kila mtu alikuwa na ndugu aliyepotelea porini, au aliyekamatwa njiani, au mifugo iliyochukuliwa. Hayo hayakuzungumzwa mkahawani. Palizungumzwa mpira, na ulizungumzwa kwa hasira ambayo mpira peke yake usingeweza kuileta.

Na tulikuwa na Gurey. Maana ya jina hilo ni mtu wa shoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mkimya, mwana pekee wa mama mjane aliyeuza maziwa sokoni. Alicheza winga wa kushoto. Alisimama pembeni ya uwanja kama mchungaji anayengoja mbuzi wanywe, hujui hata kama anaangalia mchezo, halafu mpira ukamfikia na mabeki wawili wakajikuta wamekaa chini wanatazamana. Tarjumani hakumsifu mbele ya uso wake hata mara moja. Ila akishika mpira yule kijana, Tarjumani alitoa mswaki mdomoni.

Habari yenyewe ililetwa na askari jela mmoja, mtu wa Magharibi, mshabiki mwenzetu. Binamu yake alikuwa katibu wa timu ya kiwanda cha sabuni, Nairobi. Alimwandikia juu ya Gurey, na barua ikarudi na msafara. Wanamtaka. Watampa kazi kiwandani, chumba kwa familia ya Kiislamu, na namba ya kudumu katika timu.

Mwenyekiti aliposikia alisimama. "Hakuna! Hiyo kijana ni yetu. Tumbe kijana yetu, sisi tubaki na nini?"

"Watampa kazi," alisema askari jela. "Hapa ana kazi gani?"

"Hapa ana mama."

Walibishana siku mbili. Siku ya tatu Tarjumani, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa kimya, akauliza, "Mwenyekiti, nduguyo akikosa maziwa, humwazimi ngamia?"

"Namwazima."

"Ngamia anakuwa wake?"

"Una wazimu? Anakunywa maziwa tu. Ngamia anarudi."

"Basi tuwaazime Gurey. Msimu mmoja. Wanywe maziwa."

Nimesikiliza mabishano mengi maishani mwangu, hata ya mabaraza, lakini sijasikia kama yale. Kwa wale watu kuazimana ngamia wa maziwa ilikuwa sheria waliyoinyonya utotoni, na walimpitisha Gurey katika kila kifungu chake. Ngamia wa kuazimwa akizaa, ndama ni wa nani? Ni wa mwenye ngamia. Basi magoli atakayofunga Nairobi ni yetu! Askari jela akashika kichwa. "Goli linahesabiwa kwa timu inayocheza, jamani!" Akivunjika mguu? Aliyemchukua amlishe hadi apone. Akikutana na timu yetu? Asicheze, maana ngamia hapigani na zizi lake. Tukimhitaji kabla ya muda? Hapo ndipo walipopigiana kelele zaidi, na mwisho wakakubaliana kwamba tukimwita kwa telegramu, kiwanda kimrudishe na msafara wa kwanza. Na kama shukrani ya kuazimwa, watupe mipira miwili ya ngozi na pampu.

Tarjumani aliandika mkataba kwa Kiswahili. Kisomali wakati huo hakikuwa na maandishi yaliyokubaliwa, hivyo upande wa Kisomali ulikaa kichwani mwake. Alikwenda kwa mama yake Gurey akausoma wote huku amesimama. Nilimfuata. Mama alisikiliza, mikono imelowa maziwa, akauliza jambo moja tu.

"Atarudi lini?"

"Kabla ya mvua kubwa, dada yangu."

"Nakushika wewe. Hao wa sabuni siwajui."

"Nishike mimi," akasema Tarjumani.

Ilibaki kibali cha kutoka wilayani, na kwa kijana wa Kisomali wakati ule kibali kilikuwa kigumu kuliko kumpita beki yeyote. Ofisi ilitaka mtu wa kumdhamini kwamba hatakwenda kujiunga na shifta. Tarjumani akatia sahihi. Gurey akaondoka asubuhi juu ya gunia la ngozi za mbuzi, mwenyekiti akikimbia pembeni ya lori akimkumbusha asimpe mpira beki wa kulia wa Nairobi, maana hakuna beki wa kulia anayejua kurudisha.

Msimu ule tuliishi kwa barua za katibu wa kiwanda. Zikifika, nilizipeleka mwenyewe mkahawani, na Tarjumani alizisoma kwa sauti, akiongeza chumvi yake. Amefunga mawili. Ametengeneza matatu. Mwenyekiti aliandika yote kwa mkaa ukutani, chini ya magoli yetu, na mtu wa bara akikataa aliambiwa akamuulize mwenye ngamia. Sijui kama niliwahi kuwaona wale watu wakiwa na furaha kama hiyo. Mtu wao mmoja alikuwa mahali fulani, amevaa jezi, anashangiliwa na wageni.

Msimu ulikuwa unakaribia kwisha ilipotangazwa mechi na timu ya askari waliopiga kambi ng'ambo ya mto. Mji mzima uliitaka mechi hiyo. Hapakuwa na njia nyingine ambayo watu wale wangeweza kushindana na askari wakarudi nyumbani. Kamati ya timu ikakaa mkahawani, nami nikiwapo, wakaamua kwa Kisomali, Kisomali nilichokwisha kukielewa: Gurey aitwe. Mwenyekiti akamwambia Tarjumani aandike kwa Kiswahili kizuri, ili watu wa Nairobi wasije wakasema hawakuelewa.

Kesho yake posta ilipofunguliwa alikuwa mlangoni. Akanisukumia karatasi chini ya wavu. Iliandikwa kwa mwandiko wake wa kunyooka: MSIMRUDISHE GUREY. MWENDELEE NAYE. KAMATI.

Niliisoma mara mbili.

"Sivyo walivyosema, Tarjumani."

"Najua walivyosema."

"Wamesema arudishwe."

"Posta," akasema, "kazi yako ni kupeleka au ni kusahihisha?"

Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini nyuma yake palikuwa na watu. Nikaipeleka. Kiapo cha posta kinakataza kutoa siri ya telegramu, na nilijificha nyuma ya kiapo hicho miaka mingi.

Tulifungwa manne bila. Gurey hakuja, wala kiwanda hakikutoa sababu. Mwenyekiti alirarua nakala ya mkataba mbele ya watu. "Umemuuza! Tarjumani, umemuuza kijana ya watu kwa hao wa bara!" Sauti yake ilikuwa ya kulia zaidi kuliko ya hasira. Tarjumani alimaliza chai yake, akasafisha ndevu, akaondoka. Siku zilizofuata aliendelea kuja, lakini alipokaa, watu walisogeza vigoda vyao. Nilikaa naye mimi na askari jela. Uongo wa magoli ukakoma kabisa. Sikujua kama ningeutamani vile.

Mvua kubwa zikaja. Mama yake Gurey alikuwa akipita kila alasiri na vibuyu vyake vitupu kutoka sokoni, anasimama nje ya mkahawa, haingii. Alisema maneno yaleyale.

"Tarjumani. Mvua imenyesha."

"Nimeiona, dada yangu."

"Mwanangu?"

"Yuko salama."

Basi. Anaondoka. Siku moja niliona machozi katika macho ya Tarjumani, akasingizia moshi wa jikoni.

Kabla mvua hazijaisha, lori lilishambuliwa njiani na watu wakafa. Kilichofuata mjini, waliokuwapo wanakijua. Vijana walikusanywa kwenye kiwanja chetu cha mpira, wakakalishwa juani, wengine wakarudi majumbani, wengine wakapakiwa kwenye magari. Golikipa wetu alipakiwa. Mabeki wawili walikuwa wamekwisha kukimbilia porini, hatukuwaona tena. Timu ikafa siku hiyo. Ile mipira ya ngozi ilikaa mkahawani juu ya kabati, ikipoteza upepo, hakuna aliyeigusa.

Baadaye watu wengi walikusanywa katika vijiji vya serikali, na homa ikaingia humo. Mama yake Gurey alikufa kwa homa. Tarjumani alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Mwenyekiti naye alichimba. Hawakusemezana.

Vita vilipotulia, Gurey akaja. Alikuwa amenenepa kidogo, shati la Nairobi, sanduku mkononi. Alishuka kituo cha malori akaja moja kwa moja mkahawani, na watu wakasimama wote kwa furaha kabla ya kukumbuka wanalopaswa kumwambia. Alikwisha kuambiwa njiani. Hakukubali hata maji. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa hadi imekatika pembeni. Ilikuwa telegramu yangu.

"Nilitaka kurudi," akasema. "Nilikuwa nimefunga mzigo. Wakanionyesha hii. Imeandikwa Kamati. Ninyi mlikataa nisirudi kwa mama?"

Mwenyekiti akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisoma herufi kwa herufi. "Waryaa, sisi tulisema arudi. Wallahi tulisema arudi!"

Polepole wote wakageuka. Tarjumani alisimama. Alisimama kama ofisini, mikono nyuma.

"Niliandika mimi," akasema.

"Kwa nini, adeer?" Gurey alimwita hivyo, baba mdogo, kama alivyomwita tangu utotoni. Nadhani angepokea sababu yoyote.

Tarjumani akasema, "Nilikosea kutafsiri."

Katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyeamini, na hakuna aliyeweza kusema haamini. Gurey akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni. "Hooyo alikufa akiniuliza," akasema. Mama yake. Akachukua sanduku akatoka. Nami nilikaa pale na siri yangu nusu, nikanyamaza.

Mwezi ule Tarjumani aliacha kazi. Hakufukuzwa. Alisema mkalimani akishasemwa kwamba hukosea, wazee watakuwa wanaogopa kusema mbele yake. Mimi nikahamishwa kwenda bara. Tuliagana kwa kushikana mikono mlangoni pa posta, naye akanitakia mvua njema, kama watu wa kwao wanavyotakiana.

Miaka mingi ilipita, nikaoa, nikapanda vyeo. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkaguzi, nikitumwa Wajir, gari letu liliposimama Habaswein saa nne asubuhi ili injini ipoe. Nje ya duka moja aliketi mzee mwembamba kwenye kiti cha kamba. Nilimjua kwa viatu. Havikuwa na kisigino, lakini viling'aa.

"Posta," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umenenepa. Nyumbani wanakulisha."

Tuliulizana hali ndefu, kama inavyopasa huko. Mwenyekiti alikuwa amefariki. Askari jela amestaafu kwao. Nilipoona muda unakwisha, nikamuuliza nililolibeba miaka yote.

Alitazama barabara. "Wiki ile ya mechi," akasema, "aliletwa mtu ofisini. Akaulizwa nani anawapelekea shifta chakula. Akataja majina. La tatu lilikuwa Gurey. Alidanganya, alitaka tu waache kumuuliza. Nikalitafsiri, Posta. Neno kwa neno. Nilikuwa nimesimama, na mdomo wangu ndio uliolitaja jina lile kwa Kiswahili. Wangemngoja ashuke kwenye lori."

"Sasa kwa nini hukumwambia? Siku ile alipokuuliza! Angekubusu mkono."

"Angeniuliza nani alimtaja."

Akasogeza kiti chake karibu nami.

"Ni mtu wa damu yake," akasema. "Ana watoto. Watoto wa Gurey na watoto wa mtu yule wanasoma Kurani kwa mwalimu mmoja, wanakula sahani moja. Nimwambie, kisha nini?"

Mtu yule sasa amekufa, na Gurey pia, na Tarjumani mwenyewe. Ndiyo maana naandika. Jina hilo hata mimi hakuniambia, nami sikuuliza.

"Na Gurey yuko wapi?" nikasema.

"Anaendesha lori. Garissa, Wajir, anarudi. Goti lilimharibikia hukohuko Nairobi." Akanyoosha kidole kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, wenye mwavuli wa turubai. "Hunywa chai pale. Jumanne na Ijumaa, barabara ikiwa nzuri."

"Huwa anakusalimu?"

"Hapana. Anajua niko hapa. Hageuzi uso."

"Ndiyo maana ulihamia Habaswein?"

Dereva wetu alipiga honi. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikataka kumwambia jambo, sikulipata katika lugha yoyote. Nilipokuwa nakanyaga ngazi ya gari nikasikia mngurumo wa lori kutoka upande wa Garissa, bado mbali, vumbi tu linaonekana.

"Leo siku gani, Posta?" akauliza.

"Ijumaa."

Alikwisha kuinuka. Aligeuza kiti chake kikatazama ng'ambo, akapangusa vumbi kwenye koti, akafunga vifungo vyote, akakaa.